Doksorubisini ndani ya mafuta: kisa cha Doxil na saratani ya Kaposi

Wauguzi wa wodi za saratani wanaijua doksorubisini kwa rangi yake. Ni nyekundu ndani ya chupa, nyekundu kwenye bomba la sindano, na mgonjwa huambiwa mapema asije akashtuka akienda msalani akakuta mkojo nao umekuwa mwekundu. Asili yake ni bakteria wa udongoni, Streptomyces peucetius, na walioipata ni watafiti wa kampuni ya Farmitalia ya Italia miaka ya 1960. Ndiyo maana jina lake la kwanza la biashara, Adriamycin, linaitaja Bahari ya Adriatic. Marekani iliiruhusu mwaka 1974. Nusu karne imepita na bado hospitali ya saratani isiyokuwa na dawa hiyo ina pengo kubwa: titi, limfoma (saratani ya tezi), damu, mifupa, uvimbe wa watoto, kote inatumika.

Tatizo lake ni moyo. Misuli ya moyo hudhoofika, na udhoofu huo hutokana zaidi na jumla ya dawa yote aliyopata mgonjwa tangu aanze kutibiwa kuliko dozi ya siku moja. Uchambuzi wa majaribio matatu uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha mwelekeo wenyewe: jumla ikifika mg 400 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, wagonjwa wapatao 5 katika 100 moyo unashindwa kazi, ikifika 550 ni 26, ikifika 700 ni 48, karibu nusu. Daktari basi anakaa na kalamu anajumlisha. Hutokea mgonjwa dawa inamkubali, uvimbe unanywea, lakini anasimamishwa kwa sababu hesabu ya moyo imejaa. Hakuna mazungumzo magumu wodini kama hayo.

Kisa ninachokichambua hapa ni cha watu waliotaka kuinusuru doksorubisini na aibu hiyo kwa kuifungia ndani ya viputo vidogo vya mafuta. Walifaulu. Ila kufaulu kwenyewe hakukuwa kule kulikotangazwa, na ugonjwa ulionufaika kuliko yote, saratani ya Kaposi, ni ule ambao Uganda, Tanzania, Malawi na Msumbiji wanaujua vizuri kuliko California ilikotengenezwa dawa.

Tuanze na kinachotokea bila mafuta. Doksorubisini ya kawaida ikiingia kwenye mshipa haikai ndani ya damu. Dakika chache tu imeshatawanyika kwenye tishu: misuli, ini, figo, uboho, moyo. Wafamasia hupima mtawanyiko huo kwa kuuliza: kama dawa yote ingekuwa imesambaa kwa kiwango kilekile kilichoonekana kwenye damu, mwili ungehitaji kuwa na ujazo wa lita ngapi? Wagonjwa waliopimwa Jerusalem, matokeo yakachapishwa mwaka 1994, jibu lilikuwa lita 254. Binadamu hana lita 254. Maana yake ni kwamba damu imeachwa karibu tupu na dawa iko kila mahali pengine, uvimbe ukipata mgawo wake kama kiungo kingine chochote. Wagonjwa haohao walipopewa dawa ileile ndani ya viputo vya mafuta, jibu lilishuka hadi lita 4. Hizo ni kama ujazo wa damu yenyewe. Dawa ilikuwa imebaki ndani ya mishipa.

Kati ya 254 na 4 kuna kazi ya zaidi ya miaka kumi, na sehemu yake yenye mafunzo mengi ni ile iliyoharibika.

Viputo vyenyewe havikuwa vipya. Alec Bangham, aliyefanya kazi Babraham karibu na Cambridge, alionyesha katikati ya miaka ya 1960 kwamba fosfolipidi, mafuta yanayojenga kuta za chembe zetu, zikitiwa kwenye maji hujipanga zenyewe kuwa viputo vyenye utando wa tabaka mbili. Vikaitwa liposomu. Wazo la kubebea dawa ndani yake lilikuja haraka, na kufikia miaka ya 1970 maabara nyingi zilikuwa zinalijaribu. Jerusalem walikuwapo wawili: Yechezkel Barenholz, mwanabiokemia wa Chuo Kikuu cha Hebrew, na Alberto Gabizon, daktari wa saratani wa hospitali ya Hadassah.

Liposomu yao ya kwanza ilikuwa na utando wa mafuta ya kiini cha yai na kolesteroli, na doksorubisini ilikuwa imenasa ndani ya utando wenyewe badala ya kukaa katikati ya kiputo. Kwenye wanyama ilipendeza. Waliipeleka kwa wagonjwa mwishoni mwa miaka ya 1980, nayo ikawaangusha kwa namna mbili. Kwanza, ilipochanganyika na damu, dawa ilianza kuchomoka kwenye utando. Kumbe kilichokuwa kinasafiri ni mafuta matupu na dawa iko nje. Pili, viputo vilivyobaki vizima vilikamatwa na chembe za ulinzi zilizo kwenye ini na wengu, ambazo kazi yake ya kila siku ni kufagia uchafu kwenye damu. Kiputo cha mafuta kwao ni uchafu. Dawa ikafika kwenye ini kwa wingi, ambako haikutakiwa.

Napenda jinsi walivyolisoma anguko hilo. Wangeweza kubadilisha mafuta haya kwa yale na kujaribu tena, kama walivyofanya wengi. Wao waliligawa tatizo vipande: dawa iingieje na isitoke, kiputo kisionekaneje na ini, na kikae na umri gani kwenye damu ili kipate nafasi ya kufika kwenye uvimbe. Kila kipande kikapata jibu lake.

Jibu la kwanza ndilo ninaloliona zuri kuliko yote, na limetoka kwenye kemia ya kidato cha nne. Barenholz na mwanafunzi wake Gilad Haran walitengeneza viputo vyenye salfeti ya amonia ndani, ileile ambayo mkulima anaijua kama mbolea ya SA, kisha wakaisafisha yote iliyokuwa nje. Amonia isiyo na chaji hupenya utando na kutoka. Ikitoka inaacha asidi ndani. Doksorubisini iliyowekwa nje ni besi dhaifu. Ikiwa haina chaji inapita utando kuingia, lakini ikikutana na ile asidi inapata chaji na haiwezi kupita tena kurudi. Ni dema hasa, ule mtego wa samaki wa pwani: mlango wa kuingilia upo, wa kutokea haupo. Na ikiwa ndani inaungana na salfeti na kuganda kama fuwele ndefu, ambazo kwenye hadubini ya elektroni zinaonekana kama kijiti kilicholala ndani ya kiputo. Kwa njia hii zaidi ya asilimia 90 ya dawa iliingia, na kiputo kimoja chenye upana wa nanomita 80 hadi 100 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita) kikabeba molekuli zipatazo 10,000 hadi 15,000. Hapo ndipo neno kubeba likaanza kuwa na maana.

Mafuta yenyewe yalibadilishwa pia. Badala ya yai wakachukua fosfolipidi ya soya iliyopitishwa haidrojeni, kwa njia inayotumiwa viwandani kugandisha mafuta ya kupikia. Mafuta ya aina hii hayalegei mpaka joto lipite nyuzi 50 hivi, kwa hiyo kwenye nyuzi 37 za mwili ukuta unabaki mgumu. Kolesteroli iliongezwa kuziba nafasi.

Jibu la kuikwepa ini lilitoka kwa washirika wao wa California, kampuni ya Liposome Technology ya Menlo Park, pamoja na maabara nyingine zilizokuwa mbioni wakati uleule. Uso wa kiputo ulipandwa nyuzi za polietilini glikoli, kifupi PEG. Nyuzi hizi hushika maji na kuwa kama ukungu kuzunguka kiputo, protini za damu zinashindwa kukishika, na chembe za ini zinachelewa kukitambua. Zinachelewa tu, maana hakuna kiputo kisichokamatwa mwishowe. Ila kuchelewa kulitosha: kwenye damu ya mgonjwa, dawa sasa ilihitaji takriban saa 45 kupungua kwa nusu. Ya kawaida huondoka kwenye damu kwa dakika.

Kwa nini saa 45 zina faida? Kwa sababu ya jambo lililoandikwa na Wajapani wawili, Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda, mwaka 1986. Uvimbe unaokua haraka hujijengea mishipa ya damu kwa pupa. Mishipa hiyo ina matundu makubwa kuliko ya mishipa mizima, na njia za limfu za kutoa maji machafu ni mbovu. Kitu cha nanomita 100 hakipiti kwenye mshipa mzima wa moyo, lakini kwenye mshipa wa uvimbe kinaweza kuvuja, na kikivuja hakina pa kwenda. Ukikizungusha kwenye damu siku mbili tatu, kitapita pale mara nyingi sana. Hakuna anayekiongoza. Watu wanaposikia dawa inapelekwa kwenye uvimbe hudhani kuna dereva ndani yake; ukweli ni kwamba kiputo kinazurura, na uvimbe ndio wenye matundu.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ufunguo wa kila kilichofuata. Kama kazi ya kuingiza dawa inafanywa na matundu ya uvimbe, basi uvimbe usio na matundu hautapata kitu, hata kiputo kiwe kizuri namna gani.

Saratani ya Kaposi ina matundu kuliko saratani karibu zote. Ni uvimbe wa mishipa yenyewe. Ukikata kipande chake na kukiweka chini ya hadubini unaona nyufa nyembamba zisizo na ukuta kamili, na chembe nyekundu za damu zimemwagika katikati ya chembe za saratani. Ile rangi ya zambarau, ambayo kwenye ngozi zetu huonekana kama weusi uliokolea, ni damu iliyovuja. Mguu unavimba mpaka ngozi inakuwa ngumu kama ubao kwa sababu maji yametoka na hayarudi. Mtu akitaka kuchagua ugonjwa wa kuijaribia liposomu, asingepata bora.

Waliouchagua hawakuuchagua kwa sababu hiyo peke yake. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, San Francisco na Los Angeles wodi zimejaa vijana wenye UKIMWI waliotapakaa Kaposi usoni, mdomoni, mapafuni. ARV za mchanganyiko zilikuwa hazijafika. Tiba iliyokuwapo ilikuwa dawa tatu kwa pamoja, doksorubisini ya kawaida, bleomisini na vinkristini, na kinga ya wagonjwa hao haikuwa na nguvu ya kuibeba. Biopsi, yaani vipande vya nyama vilivyokatwa kwenye mabaka yao, zilithibitisha kilichodhaniwa: saa 72 baada ya dripu, doksorubisini ndani ya baka ilikuwa mara 5 hadi 11 zaidi kwa waliopata ya mafuta kuliko waliopata ya kawaida kwa dozi ileile.

Novemba 1995 Marekani iliiruhusu dawa hiyo kwa jina Doxil, kwa wagonjwa wa Kaposi wenye UKIMWI ambao tiba nyingine ilikuwa imeshindwa. Ulaya inaitwa Caelyx. Majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka 1998 yalikuja kuonyesha kwa nini. Katika la kwanza, wagonjwa 258, Doxil peke yake ililinganishwa na ule mchanganyiko wa dawa tatu: mabaka yalipungua kwa asilimia 46 ya waliopata Doxil, na asilimia 25 ya waliopata dawa tatu. Katika la pili, wagonjwa 241, dhidi ya bleomisini na vinkristini, ilikuwa asilimia 59 kwa 23. Dawa moja ilishinda tatu, na kwa madhara machache zaidi.

Kuna kipimo kingine ambacho watu hukisahau. Wakati huohuo kulikuwa na DaunoXome, liposomu iliyobeba daunorubisini, ndugu wa doksorubisini, lakini haina nyuzi za PEG. Nayo ilijaribiwa dhidi ya mchanganyiko wa dawa tatu kwa wagonjwa wa Kaposi. Matokeo: asilimia 25 kwa 28, yaani sare. Majaribio mawili tofauti hayalinganishwi moja kwa moja, na dawa zilizobebwa si moja, lakini mimi nasoma hapo kwamba mafuta peke yake hupunguza madhara, na kinachoongeza nguvu dhidi ya uvimbe ni muda wa kuzunguka kwenye damu.

Sasa tuipeleke Doxil kwenye uvimbe wa aina nyingine. Mwaka 2004 yalitoka matokeo ya wanawake 509 wenye saratani ya titi iliyosambaa, nusu wakipata Doxil na nusu doksorubisini ya kawaida. Muda wa kukaa bila ugonjwa kuendelea: miezi 6.9 kwa Doxil, 7.8 kwa ya kawaida. Muda wa kuishi: miezi 21 kwa 22. Hakuna tofauti ya maana. Lakini hatari ya moyo kwa waliopata ya kawaida ilikuwa zaidi ya mara 3, na nywele ziliwatoka asilimia 66 dhidi ya 20.

Hayo ndiyo mafanikio halisi ya Doxil nje ya Kaposi: haiui saratani zaidi, inamuumiza mgonjwa mahali pengine. Mtu aliyeahidiwa risasi inayolenga shabaha ataona ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi sioni hivyo. Mwanamke ambaye hesabu yake ya moyo inakaribia kujaa na bado ana saratani, kwake tofauti hiyo ni ya maisha. Ila wanaoandika habari za nano, yaani dawa zinazobebwa na chembe ndogo kama viputo hivi, kama vile kila uvimbe unangoja kufunguliwa mlango wanapaswa kuonyeshwa zile miezi 21 na 22. Watafiti wa Toronto walikusanya mwaka 2016 tafiti za wanyama za miaka kumi na kukuta kwamba, kwa wastani wa kati, asilimia 0.7 tu ya chembe za nano zilizochomwa hufika kwenye uvimbe. Na kwa binadamu, liposomu za PEG zilizotiwa alama ya mionzi na kupigwa picha mwaka 2001 zilionekana wazi kwenye uvimbe wa kichwa na shingo, na hafifu kwenye wa titi. Matundu hayalingani.

Moyo ulipona kwa kuwa kiputo hakipiti kwenye mishipa yake. Ngozi haikupona. Kitu kinachozunguka kwenye damu kwa siku kadhaa hupenya polepole kwenye mishipa midogo ya viganja na nyayo, hasa panapopata joto na msuguano. Kwenye dozi ya mg 50 kwa mita ya mraba, inayotumika kwa saratani ya ovari, karibu nusu ya wagonjwa hupata viganja vyekundu vinavyouma, vingine vinachubuka na kupasuka. Maelekezo ya kuzuia hali hiyo ni kuepuka maji ya moto, viatu vya kubana na kazi za kusugua. Mwambie hayo mama anayefua kwa mikono, anayesonga ugali, anayeshika jembe. Huwezi kumpa karatasi ya ushauri ukasema umemaliza. Lazima ujue nani nyumbani atafua. Kwa bahati dozi ya Kaposi ni ndogo, mg 20 kwa mita ya mraba kila wiki 3, na kwa dozi hiyo tatizo la viganja linawapata kama 3 katika 100.

Kwa hiyo ugonjwa ulio na matundu zaidi ndio pia unaohitaji dozi ndogo zaidi. Na ugonjwa huo makao yake ni kwetu.

Moritz Kaposi aliueleza Vienna mwaka 1872 kwa wagonjwa wachache. Katikati ya karne ya 20 madaktari wa Uganda na mashariki ya Kongo waliukuta ni ugonjwa wa kawaida, hasa miguuni mwa wanaume wa vijijini, kiasi kwamba mwaka 1961 ulifanyika mkutano wa kimataifa Kampala kuuzungumzia huo tu. Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoanza Mulago mwaka 1967 imekua nao pamoja na limfoma ya Burkitt. Mwaka 1983 daktari mpasuaji Anne Bayley, hospitali kuu ya Lusaka, aliona Kaposi ya aina nyingine: inasambaa haraka, inaingia tezi na mapafu, inaua vijana. UKIMWI ulikuwa umefika. Kirusi kinachosababisha Kaposi kilitambuliwa New York mwaka 1994 na Yuan Chang na Patrick Moore. Kule Marekani ARV zilipoingia mwaka 1996 ugonjwa ulishuka ghafla, na Doxil ikahamia kwenye ovari, kisha mwaka 2007 kwenye mayeloma, saratani ya uboho. Huku kwetu ARV zimeupunguza lakini hazikuumaliza, maana wengi huanza dawa wakiwa wamechelewa, na kirusi chenyewe kilikuwapo kabla.

Kwa miaka mingi basi Doxil imekuwa dawa ya Kaposi ambayo wagonjwa wengi wa Kaposi hawaioni. Bei ndiyo sababu ya kwanza kutajwa, na ni kweli. Lakini ugumu wa kuitengeneza ndio unaoishikilia bei. Vidonge vya kawaida vikiisha hataza, viwanda kumi vinaanza kuvitoa. Kiputo cha mafuta lazima kiwe na ukubwa uleule, ugumu uleule, fuwele ileile ndani, na kisivuje kikikaa kwenye friji miezi. Marekani yenyewe ilionja shubiri hiyo. Doxil yote ilikuwa inatoka kiwanda kimoja, Ben Venue cha Bedford, Ohio, kilichokuwa na matatizo ya ubora. Uzalishaji uliposimama mwaka 2011 hospitali za Marekani ziliishiwa, na mtengenezaji akaanzisha orodha ya kusubiri: jina la mgonjwa linaandikwa, anangoja chupa. Februari 2012 serikali iliruhusu kwa dharura kuingiza Lipodox, iliyotengenezwa na Sun Pharma ya India, na Februari 2013 toleo la kampuni hiyo likawa la kwanza kuidhinishwa kama mbadala kamili. Ben Venue kilifungwa. Mlango wa dawa nafuu kwa nchi zetu kwa sehemu ulifunguliwa na uhaba wa Wamarekani.

Ilipokosekana, tulitumia tulichonacho. Jaribio lililofanyika Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil, wagonjwa 334 wenye Kaposi kali waliokuwa wakianza ARV au wakiendelea nazo, lililinganisha paklitakseli, dawa nyingine ya saratani, na bleomisini pamoja na vinkristini, na pia na vidonge vya etoposidi. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Baada ya wiki 48, waliopata paklitakseli ambao ugonjwa haukuendelea walikuwa asilimia 64, dhidi ya 44 kwa bleomisini na vinkristini. Etoposidi ilibaki nyuma sana. Doxil haikuwekwa kwenye jaribio hilo. Waliopanga walitaka dawa zinazopatikana.

Paklitakseli nayo ni kisa cha mafuta. Haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo huyeyushwa kwenye pombe na mafuta ya nyonyo yaliyobadilishwa kikemia, na ni mafuta hayo, zaidi ya dawa yenyewe, yanayoleta mzio mkali, ndiyo maana mgonjwa hapewi kabla ya dawa za kuzuia mzio, pamoja na deksamethasoni. Deksamethasoni ni steroidi, aina ya dawa inayoshusha kinga, na steroidi kwa mtu mwenye Kaposi si rafiki, ingawa dozi chache hazijaonekana kuharibu matokeo. Marekani walishawahi kuipambanisha paklitakseli na Doxil kwa wagonjwa 73: mabaka yalipungua kwa asilimia 56 dhidi ya 46, muda wa kuishi ukawa sawa, na madhara makali yakawa zaidi upande wa paklitakseli. Jaribio dogo, halikumaliza ubishi. Nikipewa zote mbili kwa mgonjwa mwenye CD4 ndogo, yaani kinga iliyoshuka, na mguu uliovimba, naanza na Doxil. Nikipewa paklitakseli tu, simwambii mgonjwa kwamba anapata dawa ya maskini.

Madaktari Wasio na Mipaka walionyesha Maputo kwamba doksorubisini ya mafuta inaweza kutolewa kwenye kituo cha wagonjwa wa nje wenye Kaposi iliyosonga mbele. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya Kaposi. Mwongozo wake wa 2014 ulishasema kwamba Kaposi nyepesi huanzwa na ARV peke yake, na kali huongezewa tibakemikali. Kinachobaki ni mambo ya famasi na wodi.

Chupa ikae friji, nyuzi 2 hadi 8, isigande. Kiputo kikiganda kinapasuka na kilichobaki ni doksorubisini ya kawaida kwenye maji ya mafuta. Ichanganywe na dekstrosi ya asilimia 5, si chumvi, isipitishwe kwenye kichujio cha dripu. Ianze taratibu, mg 1 kwa dakika, kwa sababu wapo wanaobanwa kifua na kuwashwa uso dakika za mwanzo za dripu ya kwanza. Ukipunguza kasi mara nyingi hutulia. Na isiwekwe rafu moja na doksorubisini ya kawaida. Zote nyekundu, majina yanafanana, dozi hazifanani, na kuzibadilisha kwa bahati mbaya kunaweza kuua. Ya mafuta ukiiinua kwenye mwanga ina ukungu kidogo. Ya kawaida inang'aa kama kioo. Mfamasia asitegemee jicho, asome lebo.

Halafu kuna upotevu. Chukua mgonjwa mwenye eneo la mwili la mita za mraba 1.6. Dozi yake ni mg 32. Chupa ina mg 20, kwa hiyo zinafunguliwa 2, mg 8 zinabaki, na kwa kuwa dawa haina kihifadhi, zinamwagwa. Wagonjwa 5 wa namna hiyo wakija siku tano tofauti wanatumia chupa 10. Wakipangiwa kliniki siku moja, dozi zikaandaliwa kwa pamoja kwenye kabati la usalama, jumla ni mg 160, yaani chupa 8 kamili. Mbili zilizookolewa zinamtosha wa sita.